Shimei Alijua, Naye Alitoka

Masomo: 1 Wafalme 2:36-46 na Luka 13:6-9

 

Leo nataka tuzungumze habari za watu walio katikati yetu, ambao kanisani hatuwataji ila tunapowasema vibaya. Ni wale waliopewa kifungo cha nje, au probesheni kama wengi wanavyoita. Mtu amepatikana na hatia, lakini mahakama haikumpeleka gerezani. Amerudishwa nyumbani, akapewa muda na masharti, na ofisa wa kumwangalia. Miezi kadhaa inapita, kisha twasikia amekamatwa tena. Ameacha kuripoti, au amerudi kwenye ulevi, au ameondoka wilayani bila ruhusa. Nasi twaulizana pale kisimani na pale stendi ya matatu: "Je, mtu huyu hakujua kwamba atafungwa?"

Jibu la swali hilo ni fupi. Alijua. Alijua kuliko wewe na mimi. Basi swali la kuuliza ni jingine: kama alijua, kwa nini kujua kwake hakukumzuia?

Biblia inatupa mtu wa namna hiyo, naye ni Shimei mwana wa Gera. Huyu ndiye aliyemtupia mfalme Daudi mawe na laana siku ile Daudi alipomkimbia Absalomu. Baadaye aliomba msamaha, na Daudi akamwapia kwamba hatauawa. Daudi alipokufa, Sulemani alimwita Shimei, akampa masharti. Ajijengee nyumba Yerusalemu, akae humo, asitoke kwenda mahali po pote. Siku atakapotoka na kuvuka kijito cha Kidroni, ajue hakika kwamba atakufa, na damu yake itakuwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Shimei akasikia yote, akakubali, akasema neno hilo ni jema. Akakaa Yerusalemu siku nyingi.

Miaka mitatu ilipita. Ndipo watumwa wake wawili walipotoroka, wakakimbilia kwa Akishi, mfalme wa Gathi. Watu wakamwambia, "Watumwa wako wako Gathi." Shimei akatandika punda wake, akaenda, akawapata, akawarudisha nyumbani. Habari zikamfikia Sulemani, na Shimei akauawa.

Ndugu msikilizaji, tusimwite Shimei mjinga upesi. Alitii miaka mitatu, na hiyo si siku moja. Tena aliporudi na watumwa wake alirudi pale pale Yerusalemu, chini ya macho ya mfalme. Mtu aliyekusudia kumdharau mfalme angalibaki Gathi. Yaonekana alikuwa mtu aliyepatwa na haja siku moja, na siku ile haja yake ilikuwa kubwa kuliko kiapo chake. Pengine njiani alijipa na sababu, kwa kuwa Gathi iko upande wa magharibi wa Yerusalemu, na Kidroni iko mashariki. Huenda alijisemea moyoni, "Mimi Kidroni sikuvuka." Moyo wa mwanadamu ni wakili hodari sana unapotaka kutoka.

Sasa tuyatazame ya kwetu. Sheria ya Kenya juu ya probesheni ilitungwa mwaka 1943, na utumishi wenyewe ukaanza mwaka 1946. Ni Sura ya 64 katika sheria zetu. Sheria hiyo inasema muda usipungue miezi sita wala usizidi miaka mitatu. Inasema pia kwamba, kabla ya kutoa amri hiyo, mahakama imweleze mtu kwa maneno mepesi masharti yake, na kwamba akiyavunja, au akitenda kosa jingine, anaweza kuhukumiwa kwa lile kosa la kwanza. Kisha ni lazima mtu mwenyewe aseme kwamba yu radhi. Asiporidhia, amri haitolewi. Basi kila mtu aliye katika kifungo cha nje, awe alihukumiwa Kwale au Msambweni, amelisema neno la Shimei kwa kinywa chake: "Neno hilo ni jema." Alisimama kizimbani akaambiwa, akasikia, akakubali. Ndiyo sababu nasema alijua.

Kwa nini basi anatoka? Naona mambo matatu.

La kwanza, adhabu iko mbali, na haja iko mlangoni. Tuseme yuko kijana mvuvi wa Gazi, ambaye sharti lake ni kuripoti ofisini kila siku iliyowekwa. Kaskazi inapovuma na bahari imetulia, hana taabu, ana nauli. Lakini kusi ikianza, bahari inachafuka, na wenye mitumbwi midogo hukaa ufuoni wakishona nyavu. Wiki mbili hajapata kitu. Mtoto anakohoa, na dukani amekwisha kopa mpaka anaona haya kupita mbele ya mlango. Siku ya kuripoti inafika, na asubuhi ile ile bahari inatulia kidogo. Nahodha anapita akimwita: "Twende, leo kuna nafasi." Mbele yake yako mambo mawili. Moja ni gereza, ambalo labda litakuja, siku asiyoijua, akipatikana. Jingine ni unga wa ugali jioni ya leo, na huo hauna labda. Wazee wetu walisema mwenye njaa hana mwiko. Kijana yule anakwenda baharini. Gereza hakulisahau, bali liko mbali sana na sufuria yake. Watumwa wa Shimei nao walitoroka siku fulani, na siku ile Sulemani alikuwa mbali.

La pili, hofu humfukuza mtu. Watu wengi hawalifikiri jambo hili, nasi twadhani kwamba ukimtisha mtu zaidi atakuja karibu zaidi. Sivyo. Mvuvi yule amekosa siku moja ya kuripoti. Angalikwenda kesho yake akaeleza, huenda angaliambiwa neno kali, akapewa siku nyingine. Hata akifikishwa mahakamani, sheria inamruhusu hakimu amtoze faini na kumwacha aendelee na muda wake. Njia ya kurudi ipo. Lakini yeye haioni. Anaona gereza tu. Simu ikilia haipokei. Akimwona mzee wa kijiji anapita njia ya pili. Siku ya pili ya kuripoti inafika, anaogopa maradufu, kwa sababu sasa atajibu makosa mawili. Mwishowe anajiambia kama watu wasemavyo, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Anavuka mpaka pale Lunga Lunga, anakwenda kwa mjomba wake upande wa Tanga. Kosa lilianza kwa kukosa nauli ya siku moja, sasa yeye ni mtoro.

Mnaona, wapenzi? Mtu huyu havunji sharti ijapokuwa anaogopa adhabu. Amefika mahali pa kulivunja kwa sababu anaogopa. Ndivyo alivyofanya baba yetu Adamu. Katika Mwanzo 3, aliposikia sauti ya Bwana bustanini aliogopa, akajificha kati ya miti. Ndivyo alivyofanya pia yule mtumwa wa talanta moja katika Mathayo 25. Alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa, akaifukia talanta ardhini. Hofu peke yake haizai matunda. Inachimba shimo la kujifichia.

La tatu, mtu amepewa masharti mapya, lakini amerudishwa katika maisha yale yale. Mahakama imemwambia, "Usinywe." Anarudi nyumbani, na jirani zake wote wako mangweni jioni, na hana mahali pengine pa kukaa. Mahakama imemwambia, "Jiepushe na rafiki wabaya." Wema hawamkaribishi, kwa hiyo wabaya ndio aliobaki nao. Na yuko kijana wa Ukunda au Diani aliyenaswa na unga, yaani heroini. Huyo ana vita ndani ya damu yake. Ikimshika arosto, mwili unatetemeka, mifupa inauma, hapati usingizi. Wakati huo ukimwambia habari za miaka mitatu gerezani, ni kama kumsomea gazeti mtu anayezama. Huyo anahitaji daktari, na dawa kama methadoni inayotolewa kliniki, pamoja na mtu wa kumshika mkono.

Mtume Paulo, aliyeijua sheria kuliko wengi, anaungama katika Warumi 7 kwamba lile jema alipendalo halitendi, na lile baya asilolipenda ndilo alitendalo. Anasema sheria ni njema na takatifu, kisha anaonyesha kwamba sheria yaweza kumwambia mtu pa kwenda, lakini haimpi miguu.

Najua yuko mzee anayenisikiliza sasa akitikisa kichwa. Anasema, "Mchungaji, unawabembeleza wahalifu. Sikio la kufa halisikii dawa. Waongezewe adhabu, ndipo watakaposikia." Mzee wangu, shikamoo. Naliheshimu neno lako, nami sitalipita kimya.

Jambo hilo limepimwa. Huko Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, Jaji Steven Alm aliona mwaka 2004 kwamba watu wa probesheni walikuwa wakivunja masharti mara nyingi bila kufanywa neno, kisha siku moja wanafungwa miaka mingi kwa mara moja. Akageuza utaratibu. Kila kosa lilipata adhabu papo hapo, lakini ndogo, siku chache tu jela, kisha mtu anarudi kwenye masharti yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba makosa yalipungua sana. Twajifunza kwamba adhabu ndogo iliyo karibu na ya hakika huonya kuliko adhabu kubwa iliyo mbali. Basi mzee, hata ukitaka kuonya, ukali si dawa. Mzazi anayemwonya mtoto leo kwa upole anamsaidia kuliko anayenyamaza mwaka mzima kisha akamfukuza nyumbani.

Lakini habari haikuishia hapo. Mpango kama ule ulijaribiwa katika sehemu nne nyingine za Marekani, na matokeo yalipotolewa mwaka 2016, kwa jumla haukuonekana kuwashinda watu kurudi makosani kuliko probesheni ya kawaida. Kwa hiyo hata adhabu iliyopangwa kwa busara haitoshi peke yake. Kuna kitu kingine kinachotakiwa, na kitu hicho tunakipata katika somo letu la pili.

Katika Luka 13 Bwana Yesu anasimulia habari za mtu aliyekuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Miaka mitatu alikuja kutafuta matunda, asipate. Akaagiza ukatwe, usiiharibu nchi bure. Mtunza shamba akamwomba auache mwaka huo nao.

Angalieni sana neno linalofuata, maana ndani yake yamo yote ninayotaka kuwaambia leo. Mtunza shamba hakusema, "Auache mwaka mmoja, tuone." Hakusema, "Nitauweka shoka kando yake, uogope." Aliahidi kazi yake mwenyewe. Atauchimbia pande zote na kuutilia samadi. Muda uliombwa pamoja na jembe. Yule aliyeuombea mti rehema ndiye aliyejitia kazini ili rehema ile isipotee bure.

Sasa waweke wawili hao pamoja. Shimei alipewa muda, lakini hatusomi po pote kwamba yuko aliyemchimbia. Tena ukirudi nyuma katika sura ile ya pili ya 1 Wafalme, utaona kwamba Daudi kabla ya kufa alikuwa amemwagiza Sulemani asimhesabu Shimei kuwa hana hatia. Siku watumwa walipotoroka, hatusomi kwamba Shimei alimwendea mfalme kuomba ruhusa, wala kwamba yuko jirani aliyemwambia, "Kaa wewe, nitakwenda mimi Gathi." Wako waliomletea habari za watumwa, na wako waliompelekea mfalme habari za Shimei. Wachukuzi wa habari walikuwa wengi, na mwenye jembe hatumwoni. Mtini ulipewa mwaka mmoja tu, lakini ulipewa na mtunza shamba.

Muda bila jembe ni kuahirisha shoka tu.

Na kanisa letu halina udhuru katika jambo hili, kwa maana probesheni yenyewe ilianza kwa watu waliochukua jembe. Mwaka 1841 huko Boston, Marekani, fundi viatu John Augustus aliingia mahakamani, akamwona mlevi anayekwenda kufungwa, akamwomba hakimu amkabidhi yeye. Baada ya wiki tatu alimrudisha, naye amebadilika kabisa, na hakimu akamtoza senti moja na gharama za kesi. Kule Uingereza, mwaka 1876, mchapishaji Frederic Rainer alisikitika kuona walevi wakifungwa, wakitoka, wakifungwa tena. Akakiandikia chama cha Kanisa la Uingereza cha kupinga ulevi, akatuma shilingi tano ili kazi ianze mahakamani. Chama kikaweka wamisionari wa mahakama, watu wa kukaa na wakosaji na kuwatembelea majumbani kwao. Ndipo mwaka 1907 serikali ikaweka sheria ya probesheni. Amri hii inayosomwa leo pale Kwale, shina lake moja ni shilingi tano za Mkristo na miguu ya watembezi wa kanisa letu la Anglikana. Leo serikali ina maofisa wake, nao wana watu wengi wa kuwaangalia na barabara ndefu. Hawawezi kuwa kila kijiji. Wewe upo.

Basi jembe ni nini? Nitasema mambo machache unayoweza kuyafanya juma hili.

Kama katika mtaa wako yuko mtu wa kifungo cha nje, jua siku yake ya kuripoti, umkumbushe jioni yake. Akikosa nauli, kanisa lisishindwe na nauli ya kwenda na kurudi. Akiwa amekosa siku moja na anajificha, usimwache ajifiche mpaka ikawa mbili. Nenda naye. Keti naye ubaoni pale ofisini mpaka aitwe. Mtu mwenye hofu anaweza kuingia mlango akiwa na mwenziwe ambao hawezi kuuingia peke yake. Mama zetu wa Umoja wa Akina Mama mnaijua kazi hii, maana mmewasindikiza wengi hospitalini.

Mwenye shamba, mwenye duka, mwenye chombo, mpe kazi halali, hata ya siku mbili kwa juma, na siku ya kuripoti umpe ruhusa bila kumnunia. Vijana, mkaribisheni jioni katika kwaya au katika mpira, ili mangwe isiwe mlango wa pekee ulio wazi. Wala tusiulize kwanza kama ni wa kanisa letu. Huku Kwale majirani zetu wengi ni Waislamu. Msamaria wa Luka 10 hakumwuliza yule majeruhi dini yake kabla ya kumfunga jeraha.

Tena tusimsahau aliyekosewa. Yuko mama aliyeibiwa kuku wake, yuko mzee aliyepigwa. Rehema isiyomtazama huyo ni rehema nusu. Mkosaji asaidiwe kwenda kuomba radhi, na kulipa kidogo kidogo anachoweza, kama Zakayo alivyosimama akaahidi kurudisha. Kufanya hivyo nako ni kuchimba, tena ni kuchimba kwenye mizizi.

Sikuahidi kwamba kila mti utazaa. Mtunza shamba mwenyewe hakuahidi. Alisema kama ukizaa, vema, na kama hauzai, ukatwe. Shoka halikutupwa. Lakini siku shoka likija, lisitukute sisi tumesimama kando, mikono mitupu, tukisema, "Tulijua tu."

Kwa maana, mpenzi msikilizaji, wewe nawe u katika muda. Petro anatufundisha katika waraka wake wa pili, sura ya 3, kwamba Bwana hakawii kuitimiza ahadi yake, ila anavumilia, hapendi mtu ye yote apotee bali wote wafikie toba. Kila asubuhi unayoamka ni mwaka mmoja mwingine ulioombewa. Nawe umekwisha sema mara nyingi, "Neno hilo ni jema," ulipobatizwa, ulipothibitishwa, ulipofunga ndoa. Umeyajua masharti, na siku nyingine umetandika punda. Kilichokulinda mpaka leo si ukali wa tishio. Yuko aliyekuombea, akashuka yeye mwenyewe na jembe. Mikono yake ina makovu.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, Mtunza shamba mwema, twakushukuru kwa muda uliotupa. Wakumbuke ndugu zetu walio katika kifungo cha nje, hasa yule ambaye leo amejificha kwa hofu. Umpe mtu wa kwenda naye. Wape maofisa na mahakimu hekima na uvumilivu. Wafariji waliokosewa. Nasi ututoe kizingitini, ututie jembe mikononi, ili miti uliyoiachia mwaka huu isikatwe kwa uvivu wetu. Kwa jina lako takatifu. Amina.